Alama ya Mwezi na Nyota

Harufu ya betri iliyovuja haisahauliki. Ina ukali wa kutu na chumvi, na ndani yake kuna utamu fulani mbaya unaonata kooni. Mwezi uliopita nilikuwa soko la Kasuku, hapa Kindu, nikitafuta chaja ya simu, na kijana mmoja alikuwa ametandaza turubai chini, juu yake vitu ambavyo watu wa mbali wamevichoka: rimoti zisizo na televisheni, saa zisizo na mikanda, miwani yenye kioo kimoja. Katikati yake kulikuwa na kamera ndogo ya rangi ya fedha. Kijana alifungua kimlango cha chini anionyeshe kwamba ndani kuko salama, na ile harufu ikanipiga usoni. Niliinunua palepale bila kubishana bei, jambo ambalo si tabia yangu, hata yule kijana alianza kuingiwa na wasiwasi.

Nyinyi wa rika langu mnazijua kamera hizi, ingawa watoto wetu wanazicheka. Inaenea kiganjani. Ukiiwasha, mdomo wake unachomoza kama kichwa cha kobe. Juu yake, upande wa kulia, kuna kigurudumu chenye alama zilizochorwa: kichwa cha mwanamke, milima, mtu anayekimbia, na mwezi wenye nyota pembeni. Hii yangu ya sokoni ilikuja na kijitabu chake cha Kifaransa, kimekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Maelezo ya kile kigurudumu yamechukua nusu ukurasa. Niliyasoma nimekaa jikoni, nikamaliza kabla maji ya chai hayajachemka, kisha nikakivurumisha kijitabu ukutani. Mume wangu akachungulia kuuliza kama nimeona panya. Nilimwambia hakuna panya, ni hasira tu.

Nusu ukurasa. Ndicho tulichokosa, na kwa kukosa hicho nyumba yetu iligeuka jinsi ilivyogeuka. Wengi wetu tuliokulia vitani tuna kisa kikubwa cha kusimulia, cha bunduki au cha moto. Mimi kinachonikereketa mpaka leo ni kigurudumu.

Baba alikuwa mtu wa reli. Aliondoka Kindu na treni ya mizigo kwenda kusini, safari ya kawaida kabisa, na alipokuwa hukohuko vita vikakata njia nyuma yake. Reli ile ile iliyompeleka ikawa mpaka. Upande wetu kulikuwa na wenye bunduki wao, upande wake na wao, na katikati majani yakaota baina ya vyuma. Wakati anaondoka, Mama alikuwa na mimba changa ambayo yeye mwenyewe hakuwa na hakika nayo, kwa hiyo hakusema neno. Alipanga kumwambia akirudi. Zaina alizaliwa, akakaa, akatambaa, akasimama, na Baba hakujua kwamba mtoto huyo yupo duniani.

Tulikuwa watatu: kaka yangu Amisi, mimi, na huyo Zaina. Tulikaa Kasuku, si mbali na mto, katika nyumba ya matofali ya udongo aliyoiacha babu yake Baba. Ukoo wetu ni wa Waislamu wa zamani wa mji huu, na Mama alilijivunia jambo hilo kuliko hali yetu ilivyoruhusu. Tungeweza kulala na sombe, majani ya muhogo, isiyo na chumvi wala mawese, lakini mkeka wa kuswalia ulikuwa safi na baraza imefagiliwa. Mashamba yalikuwa nje ya mji, na nje ya mji hakukwendeka. Wanawake waliojaribu kwenda kuchimba muhogo wengine hawakurudi. Tulikula kilichopatikana, na siku nyingine tulilala mapema ili tusiongee habari za chakula, wala za njala, kama Mama alivyoiita njaa. Mara kadhaa tuliposikia milio ikikaribia tulikimbilia porini na sufuria na mikeka, tukakaa huko na mbu mpaka kimya kirudi, kisha tukarudi kufagia baraza tena.

Siku moja mtu mmoja aliyetoka kusini kwa kuzunguka nchi za watu alifika nyumbani kumsalimu Mama. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayetaka kuondoka. Alisema alimwona Baba, ni mzima, lakini aliambiwa kwamba mtaa wetu uliteketea na sisi wote tulikwisha. Tayari alikuwa ametusomea hitima. Na wenzake wa kazini walikuwa wanamwambia mwanaume hakai hivi, aoe.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alisimama mlangoni akitutazama mmoja mmoja.

"Watu wamekula wali wa hitima yetu," alisema, "na siye wenyewe hatujakula."

Amisi alicheka. Mama hakucheka. Tangu siku hiyo alikuwa na neno moja tu: Baba ajue kwamba tuko hai, na ajue kabla hajaoa. Salamu za mdomo zilikwisha kuharibika, maana huo huo mdomo wa watu ndio uliotuua. Barua mtu yeyote angeweza kuandika. "Foto," alisema, kwa Kiswahili chetu cha Kindu ambamo picha ni foto na ndiyo ni njo. "Foto njo haibishiwi. Atatuona na macho yake."

Lakini wapiga picha wa mji walikuwa wamekunja vitambaa vyao vya studio. Filimu hazikufika tena, na mtu akionekana na kamera aliitwa mpelelezi. Mmoja wa mtaa wetu alipigwa mbele ya duka lake na kamera yake ikapondwa juu ya jiwe. Tulipita hapo kesho yake, vipande vya vioo bado vilikuwa mchangani, na Mama alitushika mikono kama vile vipande vingetuuma.

Ndipo akaja Mjomba Feruzi. Ni mdogo wake Mama, mfanyabiashara aliyekuwa akipanda ndege za mizigo kwenda Goma na kurudi na chumvi na sabuni. Mjomba alikuwa mtu wa kujua mambo yote siku moja kabla ya wengine. Alifika na mfuko wa chumvi begani, na ndani ya chumvi, imefungwa kwa plastiki na kitambaa, alikuwa ameficha kamera. Aliitoa, akaipuliza chembe za chumvi, akaiweka juu ya meza kama mtu anayeweka bata aliyechinjwa.

"Hii haina filimu," alisema. "Foto inaingia mu kadi hii kadogo. Miye ninapeleka kadi Goma, kule wanaitosha, wanaitia ku karatasi. Halafu kuko mutu wangu mwenye kupitia Zambia, ataifikisha mpaka mu mukono ya shemeji."

"Na kuitumia, unajua?" Mama aliuliza.

"Dada. Unaniuliza miye?"

"Njo ninakuuliza."

Mjomba alicheka, akabonyeza. Mdomo ulichomoza, kioo cha nyuma kikawaka, kukatokea alama nyekundu, kioo kikazima na mdomo ukabaki nje. Alibonyeza tena, na tena, kisha akaanza kuusukuma ule mdomo kwa kidole gumba mpaka Mama akamshika mkono. Betri zilikuwa zimekufa njiani. Mjini betri mpya hazikuwepo. Zilizokuwepo ni zile za redio ya jirani, ambazo zenyewe zilikwisha kuimba kwa sauti ya mgonjwa, tukaziazima hivyo hivyo.

Mnakumbuka tulivyokuwa tukifanya. Betri zikichoka unazianika juani, juu ya bati, zikipata moto zinaamka kidogo. Amisi alipanda juu ya choo asubuhi na kuzipanga batini, akakaa chini kuwafukuza kuku na watoto wa majirani. Mchana tulizitia. Kamera iliwaka, Mjomba akabonyeza huku na huku kwa furaha, na kwa kubonyeza huko akaifikisha mahali ambapo maneno yote ya kiooni yaligeuka maandishi ya ajabu, kama nyayo za kuku kwenye matope. Hakujua kuyarudisha. Mimi nilikuwa nasoma Kifaransa shuleni, darasa letu lilikuwa bado linafundishwa chini ya mti uliobaki wa uwanja wa kanisa, na niliomba niishike kidogo tu nijaribu. Mjomba aliiinua juu, mbali na mikono yangu.

"Hii haiko ya kuchezea."

"Si ninataka kusoma."

"Kusoma nini? Hii miye mwenyewe sisome, weye utasoma?"

Kamera ikazima. Tukaanika betri tena. Hasira niliyoipata siku zile ni ya kipekee, hasira ya mtoto anayemwona mtu mzima akikosea na hana ruhusa ya kugusa. Nililala nayo na kuamka nayo. Nilikuwa nafuata kamera kwa macho kama vile mtu anavyofuata sahani ya mwenzake.

Muuzaji wa Goma aliyemuuzia kamera, kwa kadiri Mjomba alivyotueleza, alimfundisha mambo matatu tu. Moja, mahali pa kuwashia. Pili, kwamba ile alama ya radi inayotokea kiooni ukiwasha ni ile inayotoa mwanga, na inakula betri haraka, kwa hiyo aikate: ukibonyeza pembeni, radi inapata mstari juu yake. Hilo Mama alilipokea vizuri sana. Huku kwetu radi si mambo ya mawingu tu, kuna watu wanaojua kuituma, na yeye hakutaka picha ya watoto wake iingie na radi. "Ikate," alisema, "uikate mbele yangu nione." Mjomba aliikata. La tatu lilikuwa kigurudumu. Muuzaji alisema, "Unakigeuza kulingana na wale unaowapiga," akageukia mteja mwingine.

Basi tukakaa kwenye mkeka, sisi wote, kamera katikati imezimwa ili isile betri, tukaanza kujadiliana sisi ni akina nani.

Amisi aliweka kidole juu ya kichwa cha mwanamke. Alisema hiyo ni ya bibi arusi. Mama alikataa kwa sababu nyingine: kichwa kilikuwa kimoja, na Baba angefikiri yeye peke yake ndiye aliyebaki. Milima, Mjomba alisema, hiyo ni ya watu wa Kivu, wote tukakubali mara moja. Maniema kwetu haina milima ya namna ile. Ikabaki ya mtu anayekimbia, na mwezi na nyota.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuchagua moyoni tangu siku ya kwanza. Yule mtu mdogo alikuwa ameinua goti, mikono imekunjwa, mwili umelala mbele, vile vile tulivyokuwa tukikimbia kwenye njia ya msituni na sufuria zikigonga. Niliamini kwamba huko wanakotengeneza kamera kuna mtu aliyesikia habari zetu, akatuwekea alama yetu ili picha za watu waliokimbia zitoke vizuri. Sikuona ajabu yoyote katika jambo hilo. Niliona heshima.

"Ni hii," nilisema. "Hii ya kukimbia. Si tulikimbia?"

Mama alinigeukia.

"Siye hatuko wakimbizi," alisema. "Tuko mu nyumba yetu. Unataka baba yako aone nini, tuko mbio?"

"Lakini Mama, tulikimbia kweli."

"Na tukarudi." Akachukua kamera, akageuza kigurudumu mwenyewe, taratibu, mpaka kikatoa mlio mdogo, kikatua mahali pake. "Hii njo yetu. Mwezi na nyota. Hata kama haone sura yangu vizuri, ataona tuko Waislamu, tuko watu wake."

"Hata miye njo nilitaka kusema vile," Mjomba alisema.

Niliendelea kubisha mpaka Amisi akanifinya. Kujaribu kwanza hakukuwezekana, Mama alikataza. Nguvu za betri zilikuwa za picha moja, labda na ya pili kwa bahati. Kwa hiyo tulikata shauri bila kuona, na mimi nikanuna kona moja, nimekumbatia magoti yangu.

Picha yenyewe tulipigwa mchana, baada ya swala ya adhuhuri, ndani ya sebule. Mjomba alifunga mlango na madirisha kwa ajili ya wapita njia. Mwanga uliokuwepo ni ule unaoingia kati ya ukuta na bati. Mama alivaa kitenge chake cha Idi na ushungi mweupe. Amisi alivaa kanzu ya Baba, imepindwa kwa pini chini. Mimi nilipakwa mafuta usoni, mafuta ambayo tulikuwa tumeyatunza kwa ajili ya mboga, na kila nikivuta pumzi nilisikia njaa. Zaina alikuwa amelia tangu asubuhi na sasa alikuwa amelala juu ya mapaja ya Mama, mdomo wazi kidogo, mkono umening'inia. Alikuwa mtoto wa kutembea na kusema maneno, lakini bado Mama aliweza kumnyanyua kwa mkono mmoja.

"Musipumue," Mjomba alisema.

Tulikaza. Kamera ikafanya kla. Tukapumua. Amisi akanigeukia akicheka kwa sababu mafuta yalikuwa yananitiririka, mimi nikamsukuma, Mama akainama kurekebisha kitenge chake begani na akatukemea, na wakati huo wote Mjomba bado ameikaza kamera juu ya mgongo wa kiti, mbele ya uso. Kisha ikafanya kla nyingine.

"Imelia mara mbili," nilisema.

"Njo vile inaliaka."

Alitugeuzia kioo. Kilikuwa kidogo kama ubavu wa kiberiti. Tuliona ushungi mweupe, kanzu nyeupe, kitenge, vichwa vinne. Tulipigana vikumbo tuone, na Mama alisema alhamdulillahi kwa sauti ambayo sijaisikia tena, sauti ya mtu aliyetua mzigo. Halafu alama nyekundu ikatokea na kioo kikazima. Mjomba alitoa kadi, akaifunga ndani ya karatasi, akaishona ndani ya pindo la suruali yake. Ndege ilipopatikana aliondoka.

Mama alibadilika siku zile. Aliimba akitwanga, hata kama cha kutwanga kilikuwa kidogo. Alituambia picha sasa iko Goma, sasa iko barabarani, sasa imevuka maji, na sisi tulimsaidia kuisafirisha. Alikuwa amemtuma Mjomba na ujumbe pia kwa yule mtu wake, kwamba amwambie Baba jina la mtoto na kwamba mimba aliiacha yeye mwenyewe alipoondoka. Ujumbe huo ulipita midomo mingi, kila mtu akimpa mwenzake na bahasha. Bahasha peke yake ndiyo iliyofika.

Mjomba aliporudi alikuwa na nakala yetu. Aliitoa polepole, akampa Mama bila kumtazama. Picha ya karatasi ni kubwa kuliko ubavu wa kiberiti. Mahali pa uso wa Amisi palikuwa na nyuso mbili zilizochanganyika, hakuna hata moja iliyo yake. Mimi nilikuwa moshi wenye nguo. Mama alikuwa na mwili, mikono, ushungi, na ndani ya ushungi hakuna mtu, utelezi tu wa rangi kama udongo uliopanguswa na kitambaa. Katikati ya moshi huo alilala Zaina, safi, kila ukope unaonekana, na hata uzi wa hirizi shingoni.

"Iliyokwenda iko namna hii?" Mama aliuliza.

"Dada, atawajua. Mutu anajua watoto wake hata mu giza."

"Ninauliza, iliyokwenda iko namna hii?"

"Iko namna hii."

Hakukuwa na njia ya kuirudisha. Ilikwisha kuwa mfukoni mwa mtu, katika nchi nyingine. Mama aliigeuza ile nakala, akaitazama nyuma kulikokuwa kweupe, akaigeuza tena. Kisha alisema angalau Zaina ametoka vizuri, angalau Baba atamwona mtoto ambaye hajawahi kumwona. Sote tulilishika neno hilo. Mimi nilifikiri hata ni afadhali hivyo, kwamba sisi wengine anatujua, na huyu mgeni ndiye aliyehitaji kuonekana. Nilimwonea Zaina wivu kidogo.

Sasa kijitabu kinaniambia, kwa lugha ya adabu, kwamba alama ya mwezi ni ya kupigia usiku. Ukiiweka hapo, kamera inafungua jicho na kuliacha wazi kwa muda ili ikusanye mwanga, na chochote kinachosogea kabla halijafunga kinageuka ukungu. Inashauri kamera iwekwe juu ya kitu imara na watu wakae kimya mpaka mlio wa mwisho. Na yule mtu anayekimbia, kijitabu kinasema, ni kwa ajili ya michezo, wanyama, na watoto wasiotulia. Hapo inafunga jicho haraka. Sura zingetoka za giza katika chumba kile, lakini zingekuwa sura. Kwa hiyo nilikuwa na haki, kwa sababu ya kipumbavu kabisa, na hainisaidii chochote. Ingekuwa maneno ya kiooni yamebaki ya Kifaransa, ningesoma neno la usiku, ni neno la darasa la kwanza. Ingekuwa Mjomba amempa muuzaji dakika nyingine. Ingekuwa muuzaji hana mteja wa pili. Nimezunguka humo kama ng'ombe wa kinu, na kila nikizunguka ninamkuta Mama na kidole chake juu ya ule mwezi, anageuza kwa heshima, na simwezi. Yeye alichagua alama iliyosema sisi ni watu wa nyumbani kwetu. Nani angemwambia kwamba si hivyo?

Jibu lilikuja kwa mdomo, mvua zilipokwisha. Baba ameoa. Hakukuwa na salamu wala sababu, hata talaka hakutuma, kimya tu, kama vile mtu anavyofunga dirisha. Mama aliunguza ugali siku hiyo, tukaula hivyo hivyo. Kamera wenye bunduki walimnyang'anya Mjomba uwanja wa ndege kwenye safari iliyofuata. Nilifurahi. Niliomba Mungu iwalipukie.

Amani ilipokuja, reli ilifyekwa na kunyooshwa, na treni ya kwanza kutoka kusini ikaingia Kindu ikipiga honi mfululizo, mji mzima ukashuka kuitazama. Haikuwa na Baba. Alikuja na nyingine, baadaye, na sanduku dogo lililotuambia yote kabla hajafungua mdomo: kule alikuwa na mke na watoto wawili, na huku alikuja kusalimia. Alikaa nasi muda mfupi, akatengeneza mlango, akamnunulia Amisi viatu, akarudi kusini. Amekuwa akifanya hivyo mpaka uzee wake, anakuja, anatengeneza kitu, anaondoka. Sijamsamehe. Nimejaribu, na kila nikijaribu naona kwamba sijui hasa ni kipi cha kumsamehe.

Lakini jioni ile ya kwanza alikaa barazani, na Mama akamletea maji ya kunawa kama mgeni. Alikuwa amekonda, mvi zimeanza, na hakujua mahali pa kuweka mikono yake. Zaina alikuwa anaruka kamba uani, wa shule tayari, magoti yake yamechubuka, na Baba alikuwa anamtazama na kuacha, anamtazama na kuacha.

"Ile foto nilipata," alisema mwishowe.

Mama alikaa kwenye kigoda upande wa pili wa mlango. Amisi na mimi tulikuwa ndani, nyuma ya pazia, na hakuna aliyetufukuza.

"Nilifurahi, Mama Amisi. Niliipeleka karibu na taa. Nikatafuta sura yako, hakuna. Ya watoto, hakuna. Nikasema, kwa nini wananitumia foto na sura zimefichwa? Pengine wanaona haya."

"Haya ya nini?"

Baba alimtazama tena Zaina. Uani kamba iliendelea kupiga chini.

"Ule mutoto peke yake njo alionekana muzuri. Nikahesabu tangu siku niliondoka. Nikahesabu tena. Kama mimba niliiacha miye, mutoto angekuwa anakimbia. Ule wa ku foto alikuwa wa kunyonya bado. Mudogo kabisa." Alipangusa uso kwa kiganja. "Miye ningefikiri nini?"

Mama aliyasogeza pembeni yale maji ya kunawa, na nilidhani ataondoka, au atalia, au atamwambia maneno yote aliyoyatunza miaka ile yote. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayemsahihisha mwenzake jambo dogo.

"Hakuwa mudogo, Baba Amisi. Alikuwa na njala."